Kuwatembelea Marafiki wa Safarini Katika Miji Yao ya Uholanzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Urafiki mwingi kati ya watu wa Afrika Mashariki na Waholanzi huanza njiani: kwenye boti ya kwenda Lamu, kambini Kilimanjaro, katika nyumba ya wageni ya Paje. Wakati wa kuagana husemwa, "Ukija Uholanzi usikose kufika kwangu," kisha mwaka unapita na mwalikwa hajui aanzie wapi. Yaliyomo hapa ni maswali ambayo ndugu na majirani wamekuwa wakiniuliza tangu nilipoanza kuwatembelea marafiki zangu wa Utrecht, Rotterdam na Groningen.

## Kabla ya kukata tiketi

1. Je, mwaliko uliotolewa safarini ni mwaliko wa kweli?

Ni wa kweli, ila haujakamilika. Mholanzi kwa kawaida hasemi maneno ya kupamba maagano, na aliyekuambia "karibu kwangu" huwa alikusudia hivyo. Kinachokosekana ni tarehe. Kwetu, mwaliko ukishatolewa mlango uko wazi, na mgeni akipiga hodi bila taarifa mwenyeji hutandika mkeka wa ziada na kuongeza maji kwenye mchuzi. Kwao, mwaliko hupata uzito siku unapoandikwa kwenye kalenda, ambayo wao huiita agenda na ambayo huheshimiwa na wazee, vijana na hata watoto wa shule.

Kwa hiyo andika ujumbe wenye tarehe, idadi ya siku na ombi lililo wazi: "Ninaweza kuwa Utrecht kuanzia tarehe 9 hadi 12 Mei. Je, inawezekana nilale kwako, au ni afadhali nitafute hoteli tukawa tunakutana jioni?" Usizunguke mbuyu kwa kutarajia kwamba atakisia unachohitaji; hatakisia, na hataona kwamba amekosea kwa kutokukisia. Akijibu kwamba wiki hiyo haiwezekani, amekataa tarehe tu, na mara nyingi jibu lake huambatana na tarehe nyingine.

2. Nimwandikie mapema kiasi gani?

Miezi mitatu au minne kabla ya safari si mapema mno, hasa ukizingatia muda wa viza (swali la 4). Hata Waholanzi wenyewe kwa wenyewe hupangiana chakula cha jioni wiki tatu au nne kabla. Uliza pia ni siku gani za wiki rafiki yako hafanyi kazi, kwa sababu Uholanzi inaongoza katika Umoja wa Ulaya kwa idadi ya watu wanaofanya kazi kwa muda pungufu, na mtu mwenye ajira nzuri kabisa anaweza kuwa na Jumatano au Ijumaa yake yote wazi. Ukizijua siku hizo, ziara ya siku nne inaweza kukupa siku tatu kamili pamoja naye.

3. Aliniambia anatoka Amsterdam. Nina haja ya kuuliza zaidi?

Unayo. Msafiri aliyechoka kueleza mji wake uko wapi husema "Amsterdam" ili mazungumzo yaendelee, kumbe anaishi Zaandam, Almere au Amersfoort. Hakudanganya, amefanya kama mtu wa Bagamoyo anayesema "Dar es Salaam" akiwa ugenini. Omba jina kamili la mji na la kituo cha treni kilicho karibu na nyumba.

Kuna jambo jingine dogo. Holland hasa ni majimbo mawili tu, Noord-Holland na Zuid-Holland, kati ya majimbo 12 ya nchi hiyo, na mtu wa Groningen au wa Maastricht anaweza kukusahihisha ukimwita "Hollander" kwa lugha yake. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa neno letu la Uholanzi limekwishabeba nchi nzima.

## Viza na udhamini

4. Je, ninahitaji viza, na inaombwa lini?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), ambayo humruhusu mtu kukaa hadi siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Ndugu zetu wa Oman nao wanaihitaji, ilhali wenye pasipoti ya Falme za Kiarabu hawaihitaji. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen, kama Ubelgiji au Ujerumani, huenda na kibali hicho pamoja na pasipoti yake.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45, na nafasi za miadi hujaa haraka kabla ya msimu wa kiangazi cha Ulaya. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ukinyimwa viza. Bima ya safari inayogharimia matibabu ya angalau euro 30,000 ni ya lazima.

5. Rafiki yangu anaweza kunidhamini, au kunipa malazi tu?

Anaweza kufanya moja kati ya hayo au yote mawili. Iko fomu maalumu ya serikali ya Uholanzi ya udhamini na malazi ya nyumbani, ambayo mwenyeji huijaza na kwenda kuitia saini katika ofisi ya manispaa ya mji wake ili saini hiyo ithibitishwe. Fomu yenye saini isiyothibitishwa haina nguvu, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu miadi ya manispaa nayo huchukua siku kadhaa na rafiki asiyewahi kumwalika mgeni anayehitaji viza hana habari kwamba fomu hiyo ipo. Mtumie maelezo mapema, kwa upole.

Kutoa malazi si sawa na kudhamini. Anayekupa kitanda tu anathibitisha kwamba una mahali pa kulala, na wewe utaonyesha kwamba una fedha zako za kujikimu, zinazohesabiwa kwa kiwango cha euro 55 kwa siku. Anayekudhamini anabeba wajibu wa kisheria wa gharama zako, na lazima awe na kipato cha kudumu kisichopungua kima cha chini cha mshahara. Mimi humwomba rafiki malazi tu ikiwa akaunti yangu inatosha, kwa kuwa kumwomba mtu mliyefahamiana siku kumi milimani akutilie saini ya deni ni kumpa mzigo mzito, hata kama hatasema.

## Kufika na kuzunguka

6. Nitatokaje uwanja wa ndege wa Schiphol?

Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wenyewe. Amsterdam Centraal ni mwendo wa takriban robo saa, Rotterdam na Utrecht takriban nusu saa. Hulazimiki kununua tiketi ya karatasi: tangu mwaka 2023 unaweza kugusisha kadi yako ya benki kwenye mashine unapoingia na kuigusisha tena unapotoka, katika treni, tramu, basi na metro za nchi nzima. Ukisahau kuigusisha wakati wa kutoka utakatwa zaidi ya nauli yako. Treni za kasi za kwenda Rotterdam zina nyongeza ya nauli, na behewa lililoandikwa neno "stilte" ni la kimya. Usipigie simu nyumbani ukiwa humo.

Usishangae rafiki yako asipokuja kukupokea uwanjani. Atakuandikia treni ya saa ngapi na upande gani wa kituo atakusubiri, na kwake huko ndiko kukupokea.

7. Nina marafiki katika miji mitatu. Nipange vipi?

Nchi ni ndogo kiasi kwamba kosa la kawaida ni kuhama kila siku. Reli nyingi zinakutana Utrecht, kwa hiyo aliye na rafiki Utrecht anaweza kulala hapo siku zote na kuwatembelea wa Amsterdam, Den Haag, Leiden na Rotterdam kwa kwenda na kurudi. Groningen iliyoko kaskazini na Maastricht iliyoko kusini ni mwendo wa saa mbili au zaidi kutoka Amsterdam, na zinastahili usiku wake.

Mwache kila mwenyeji akuonyeshe mji wake kwa jicho lake. Mtu wa Rotterdam atakupeleka kwenye daraja la Erasmus na Soko la Markthal lililofunguliwa mwaka 2014, kisha atakueleza kwa nini katikati ya mji hakuna majengo ya kale: mabomu ya Wajerumani ya tarehe 14 Mei 1940 yaliiteketeza sehemu hiyo. Mtu wa Utrecht atakuketisha kando ya mfereji, kwenye maghala ya zamani yaliyo usawa wa maji ambayo sasa ni mikahawa, chini ya mnara wa Dom wenye urefu wa mita 112. Ukiwa Leiden, ambako chuo kikuu kilianzishwa mwaka 1575 na ambako Kiswahili kinafundishwa, unaweza kusalimiwa "Hujambo" na mtu usiyemtarajia. Nilichojifunza ni kutokumwambia mwenyeji wa Rotterdam kwamba Amsterdam imenipendeza zaidi.

8. Rafiki ameniambia atanipa baiskeli. Nikubali?

Kubali ikiwa unaijua baiskeli vizuri, na uombe nusu saa ya mazoezi katika mtaa mtulivu. Uholanzi ina baiskeli zipatazo milioni 23 kwa watu takriban milioni 18, na chini ya kituo cha treni cha Utrecht peke yake ziko nafasi za kuegesha 12,500. Watu wanakwenda kwa kasi, wanapinda kwa kuonyesha mkono, na hawatarajii mtu asimame ghafla ili apige picha.

Baiskeli nyingi za huko hazina breki ya mkononi. Husimama ukikanyaga pedali kinyumenyume. Siku yangu ya kwanza Groningen nilizungusha pedali nyuma kwa mazoea tu, baiskeli ikakwama katikati ya makutano, na bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga akanipita akinipa somo refu ambalo namshukuru Mungu sikulielewa. Usiku taa ya mbele na ya nyuma ni lazima, kushika simu ukiendesha ni kosa tangu Julai 2019, na reli za tramu zivuke kwa kuzikata, usizifuate, la sivyo tairi litaingia humo. Anayetembea kwa miguu naye ajue kwamba njia yenye rangi nyekundu ni ya baiskeli.

Kama hujui kuendesha, sema tu. Nimewahi kubebwa nyuma nikiwa nimekaa upande kama abiria wa bodaboda, na hakuna aliyegeuka kututazama.

## Nyumbani kwa mwenyeji

9. Nimeambiwa nije kula saa "half zeven". Ni saa ngapi?

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa Kiholanzi maneno hayo humaanisha nusu ya kuelekea saa saba ya Kizungu, yaani 18.30, na si nusu baada ya saba. Mswahili ana mtego wa pili, kwa kuwa akisikia "saba" akili yake inaweza kukimbilia mchana. Nimeshuhudia mtu akifika saa moja na nusu usiku akiamini amewahi, akakuta viazi vimepoa na wenyeji wamekaa kimya. Andikianeni saa kwa tarakimu, na ufike kwa wakati, pengine dakika tano baadaye. Kumbuka pia kwamba saa za Uholanzi ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa moja wakati wa kiangazi na saa mbili wakati wa baridi.

10. Nibebe zawadi gani?

Zawadi ndogo yenye maelezo inathaminiwa kuliko kubwa. Kahawa ya Kilimanjaro au ya Nyeri, majani ya chai, korosho, karafuu, au kanga ambayo unaweza kufasiri jina lake. Kanga yangu ya kwanza ilitundikwa ukutani sebuleni, na kila mgeni husomewa methali yake kwa matamshi ya ajabu. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, hata nyama iliyokaushwa. Maembe na matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea; nanasi, nazi, ndizi na tende zimesamehewa.

Zawadi itafunguliwa mbele yako papo hapo. Kwao kuiweka kando kungekuwa utovu wa adabu.

11. Wazazi wake niwaiteje? Na vipi kama kuna sherehe ya kuzaliwa?

Wape mkono, utaje jina lako, na uwaite kwa heshima mpaka wakuambie vinginevyo, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya dakika mbili: watataka uwaite kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wetu hukataa kumtaja mama wa miaka sabini kwa jina tupu, nami nilipata suluhisho kwa kumweleza mama wa rafiki yangu maana ya "shikamoo". Tangu siku hiyo huidai kila nikiingia.

Kwenye sherehe ya kuzaliwa, viti hupangwa mduara. Mgeni huzunguka akimpa kila mtu mkono na kumpongeza, si mwenye siku yake peke yake bali mama yake, mume wake, na hata dada yake: "gefeliciteerd" kwa wote. Ukiingia chooni utaona kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo na marafiki ikiwa imetundikwa humo, ili isisahaulike. Siku niliyoliona jina langu kwenye kalenda hiyo, ndipo nilipojua kwamba nimekuwa mtu wa nyumba ile.

12. Vipi kuhusu chakula, halali na choo?

Chakula cha mchana ni mkate: jibini, siagi ya karanga, au chembe za chokoleti, naam, hata kwa watu wazima. Chakula cha moto ni kimoja, cha jioni, na hupikwa kwa idadi ya watu waliotajwa. Ndiyo maana kumleta binamu yako bila taarifa huleta taharuki ambayo sufuria ya pilau isingeijua.

Mwislamu aseme mapema kwamba hali nyama ya nguruwe wala isiyo halali. Mwenyeji atashukuru kuambiwa. Kwa kuwa Waturuki na Wamoroko wengi wanaishi nchini humo, bucha za halali zinapatikana kwa urahisi katika miji mikubwa, na Rotterdam ina msikiti wa Essalam uliofunguliwa mwaka 2010. Mji huo pia ndiko kilikozaliwa chakula kiitwacho kapsalon, yaani "saluni": mwaka 2003 mwenye saluni mmoja mwenye asili ya Cape Verde aliomba duka la shawarma limchanganyie chipsi, nyama, jibini na saladi katika chombo kimoja. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo Magharibi na Isha huchelewa sana. Chooni kuna karatasi tu. Beba kopo lako dogo.

13. Tulikula mkahawani, kesho yake akanitumia ombi la malipo. Nimemkosea?

Hujamkosea, na wala hajakukosea. Tikkie ni programu ya simu iliyoanzishwa na benki ya ABN AMRO mwaka 2016: aliyelipa hutuma kiungo, na kila mmoja hulipa fungu lake, hata likiwa la euro tatu. Watu wanaopendana sana hutumiana. Kwetu anayealika ndiye hulipa. Kwao kusema "twende tukale" ni kupendekeza jambo, na anayekusudia kulipa hulitamka hilo waziwazi.

Malipo hayo kwa kawaida huhitaji akaunti ya benki ya Uholanzi, kwa hiyo wewe uliye mgeni mpe rafiki yako fedha taslimu au mlipie kahawa ya siku inayofuata. Ukipenda kumshukuru kwa malazi, sema tangu mwanzo, "Leo nalipa mimi," au ingia jikoni upike. Wali wa nazi uliopikwa na mgeni hautumiwi Tikkie.

14. Nikae siku ngapi?

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao wana msemo wao, kwamba wageni na samaki hubaki wabichi siku tatu tu. Usiku tatu ni kipimo kizuri kwa nyumba moja, na ukialikwa kubaki zaidi, amini. Nyumba za mijini ni nyembamba, ngazi zake ni za kupanda kama mnazi, na mara nyingi utalala sebuleni, ambapo kitanda chako hukunjwa kila asubuhi. Rafiki anayekaa chumba cha mwanafunzi atahitaji pia ridhaa ya wenzake wa nyumba. Muulize kabla ya kutaja anwani hiyo kwenye fomu ya viza (swali la 5).

## Hali zisizo za kawaida

15. Rafiki ameacha kujibu, nami nina tiketi tayari.

Tuma ujumbe mmoja mfupi wenye tarehe zako, umwambie kwamba umepanga malazi kwingine na kwamba ungefurahi kunywa naye kahawa. Ukimwondolea mzigo wa kitanda mara nyingi atajibu. Asipojibu, usiende mlangoni kwake. Na kama barua yake ya malazi ndiyo iliyokupatia viza, waarifu waliokupa kuhusu mabadiliko ya malazi, na ubebe uthibitisho wa hoteli, kwa sababu askari wa mpakani anaweza kukuuliza unalala wapi.

16. Nimesikia kuna sherehe ambayo watu hupaka nyuso rangi nyeusi. Nifanyeje nikiikuta?

Ni sherehe ya Sinterklaas, mzee mtakatifu anayewaletea watoto zawadi, ambayo huanza katikati ya Novemba na kufikia kilele jioni ya tarehe 5 Desemba. Msaidizi wa mzee huyo, Zwarte Piet ("Piet Mweusi"), kwa miaka mingi aliigizwa na watu waliojipaka weusi. Baada ya mabishano makali ya muda mrefu, miji mikubwa imeacha desturi hiyo na kutumia alama za masizi tu usoni, lakini katika baadhi ya miji midogo unaweza bado kuiona. Mwulize rafiki yako waziwazi kabla ya kwenda, na umweleze unavyojisikia. Hili ni jambo ambalo Waholanzi wenyewe hulijadili hata mezani kwa familia. Anayetaka kuona upande mwingine wa historia hiyo aende tarehe 1 Julai, siku ya Keti Koti, inayokumbuka kukomeshwa kwa utumwa Suriname na visiwa vya Karibi mwaka 1863. Siku hiyohiyo mwaka 2023, mfalme Willem-Alexander aliomba radhi hadharani.

17. Nikiugua nikiwa kwake?

Kwa hatari ya maisha piga 112. Kwa mengine yote usikimbilie hospitali. Mlango wa kwanza ni daktari wa familia, na usiku au wikendi ni kituo chao cha zamu, ambacho hupigiwa simu kabla ya kwenda. Mwombe mwenyeji apige. Utalipa kwanza na kudai bima yako baadaye, kwa hiyo tunza risiti.

18. Anataka tuvuke kwenda Ubelgiji kwa siku moja. Viza yangu inatosha?

Inatosha, mradi imetolewa kwa nchi zote za Schengen na Uholanzi inabaki kuwa nchi unayokaa siku nyingi zaidi. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, kwa kuwa tangu Desemba 2024 Uholanzi ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake ya nchi kavu. Katika mji wa Baarle mpaka huo unapita ndani ya nyumba za watu, umechorwa barabarani kwa misalaba myeupe, na hapo unaweza kunywa kahawa ukiwa Uholanzi huku rafiki yako, upande wa pili wa meza, yuko Ubelgiji.